Mstari Nilioufuta Kwenye Toleo la Saba

Yaya Masika mpendwa,

Leo ni Jumamosi mchana, na ghala la dawa limefungwa. Niko peke yangu na kompyuta, na ile mashine ya kuchapa uliyozoea kuitukana kwa kelele zake, na bahasha sita ambazo bado ni tupu. Jumatatu kamio, lori la kwenda Beni, litapita hapa Butembo kuchukua toleo la kumi na mbili la programu yetu. Disketi ziko tayari tangu juzi. Kilichobaki ni karatasi ya mabadiliko, na katika karatasi hiyo umebaki mstari mmoja. Nimekaa mbele yake tangu asubuhi, nikaandika neno, nikafuta, nikachemsha chai, nikarudi. Mwishowe nimeanza kukuandikia wewe, dada yangu mkubwa, ingawa sijui barua hii niitume wapi.

Huu ni mwaka wa nne sijasikia sauti yako. Wapo wanaosema walikuona Kasindi ukivuka kwenda Uganda na kifurushi kichwani. Wapo wanaosema mengine, na hayo Mama hataki yatamkwe nyumbani kwake. Mimi nakuandikia kama mtu aliye hai. Nina jambo la kuungama, na nataka unikasirikie. Aliyekufa hakasiriki, kwa hiyo usiwe umekufa.

Unakumbuka programu yenyewe ilivyotufikia? Padri mmoja mgeni, kabla ya kuondoka, aliniachia sidii ya programu ya kuhesabu bidhaa za duka, na ndani yake mlikuwa na maandishi yote ya programu, wazi, kila mtu ayaone. Nilikusomea masharti yake jikoni kwa Mama kule Vuhovi. Nilikuwa natafsiri huku najikwaa: anayeipokea ana ruhusa kuifungua, kuibadili, kuinakili na kumpa mwingine, mradi aeleze alichobadilisha na asimnyime mwenzake ruhusa ileile. Wewe ulikuwa unachambua maharagwe. Ukaniuliza bila kuinua kichwa.

“Donc ni sawa na mbegu. Mama anapatiaka jirani mbegu, hapana ulizaka atapanda wapi.”

“Njo vile, yaya,” nikakubali.

“Basi tupande dawa.”

Tukaigeuza duka ikawa ghala la dawa. Wewe ulikuwa muuguzi kwenye kituo kile kidogo upande wa Beni, chenye sola moja na kompyuta moja ya kuokoteza, na ulikuwa mtu wa kwanza kuitumia programu na wa kwanza kuilalamikia. Vituo vikafika sita. Watu walinisifu mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa napiga vidole kwenye kompyuta. Waliojua mambo walijua kwamba kila kitu kilichofanya programu ile ifae kilitoka kinywani mwako, mara nyingi kwa hasira.

Hasira kubwa kuliko zote ilikuja na toleo la tatu. Nilikuwa nimebadilisha namna ya kuhesabu kwinini. Zamani ilihesabiwa kwa boksi, mimi nikaifanya ihesabiwe kwa chupa mojamoja za sindano, maana hapa ghalani ndivyo tulivyopenda. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo dogo, tena zuri. Kituoni kwako ukaagiza kumi kama kawaida yako, ukiwaza boksi kumi, na kamio likakuletea chupa kumi. Ziliisha kabla ya wiki. Watoto wawili wenye malaria kali ulilazimika kuwapeleka hospitali ya Beni kwa baiskeli, na mmoja tu ndiye aliyerudi.

Ulikuja Butembo juu ya mizigo ya kamio. Uliingia ghalani na vumbi hadi kwenye kope, hukunisalimu.

“Kambale, uligeuza nini?”

“Kitu kidogo tu, yaya.”

“Kidogo kwa nani?”

Ukakaa kwenye katoni ya bandeji, ukalia kidogo, ukajifuta kwa kitenge, halafu ukaanza kunipangia kazi kama mtu anayepanga zamu za wodi.

“Kuanzia leo hapana tuma disketi bila karatasi. Uandike umegeuza nini, na uandike sababu gani. Mustari moja, mais mustari ya kweli. Na karatasi ikishatoka, hapana gusa tena. Ukikosea, utaandika kosa kwa karatasi ingine.”

Hizo ndizo zilikuwa sheria zetu, na zilikuwa zako zote. Nilizichapa nikazibandika ukutani juu ya mashine. Bado zipo hapo, na leo sizitazami.

Kupanga matoleo tulijifunza kwa shida na kwa vicheko. Tulikuwa na fonii, redio ya mawasiliano, Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, na kila mwenye fonii kutoka Lubero hadi Beni alikuwa akitusikia. Ulinikataza kutoa toleo mwisho wa mwezi, kwa sababu wauguzi wanaandika ripoti na hawana kichwa cha kujifunza kitu kipya. Ulitaka yatoke msimu wa kahawa, wakati kamio ni nyingi njiani na zinatembea kwa kufuatana, maana kamio lililo peke yake hujui litakutana na nani. Na siku kumi za mwisho hakuna nyongeza, ni kurekebisha makosa tu. Hapo ndipo tulipokuwa tukigombana. Kila mara nilikuwa na kitu kimoja kizuri cha kuongeza, kimoja tu, na kila mara sauti yako ilikuja ikikwaruza kwenye fonii, “Kambale, funga mulango. À vous!” ukinipa zamu ya kujibu. Wengine waliokuwa wakisikiliza wakaanza kuniita Funga-Mlango. Hata sokoni kuna mfanyabiashara wa samaki aliyenisalimu hivyo, na sikuwahi kumjua.

Jambo moja kwenye karatasi halikuwa lako, lilikuwa langu. Kwenye toleo la tano niliongeza maneno “aliyeomba”, na mbele yake jina. Nilitaka watu wapate shukrani yao. Kwetu mtu akikupa kitu unamwambia wasingya, unataja na jina lake, na mimi niliona aibu kwamba karatasi inasema dirisha fulani limeongezwa kama vile limeota lenyewe. Nilikuletea ya kwanza Vuhovi. Ulipoona jina lako limechapwa uliziba mdomo kwa kiganja ukacheka, na Mama akakunyang’anya karatasi akaitazama juu chini, yeye asiyejua kusoma.

“Jina ya mutoto yangu iko mu karatasi ya mashini,” alisema. Alimwambia kila jirani.

Basi majina yakabaki. Nilipenda sana kuyaandika.

Halafu vita vikatukaribia kwa namna vilivyotukaribia, bila siku maalumu. Askari wa barieri, vile vizuizi vya njiani, walibadilika mara tatu, na kila waliokuja walitaka kujua nani aliwasaidia waliotangulia. Kituoni kwako wagonjwa wakaanza kuletwa wamelazwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wamefunikwa majani ya migomba kama mzigo wa sokoni. Wengine walikuwa wakulima waliokutwa shambani. Wengine hukuuliza walikuwa nani. Na wenye silaha, wa kila upande, wakawa na mtindo mmoja: wakifika kituoni hawaombi dawa kwanza, wanaomba kitabu cha majina.

Ulikuja Butembo siku moja asubuhi, nusu ya njia kwa miguu. Hukutaka kukaa ghalani. Ulinivuta nyuma, kwenye mikaratusi, ukasema polepole.

“Hii hapana ya fonii, Kambale. Bagonjwa banakimbia. Nauliza jina, mutu anasimama, anaenda na kidonda wazi.”

“Ni ba nani?”

“Ni bagonjwa.” Ulinikazia macho hadi nikaona haya. “Nataka programu itoe dawa bila jina. Dawa imetoka, kidonda imefungwa, basi. Unaweza?”

Niliweza. Ilinichukua siku tatu, na nilifurahi, maana ilikuwa kazi safi isiyoharibu hesabu ya mahali pengine. Kamio lilikuwa linaondoka asubuhi ya nne na barabara ya Vuhovi, tulikokuwa tukikutana kwa Mama, ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wewe na mimi hatukukaa pamoja kuisoma karatasi kama tulivyozoea. Niliiandika peke yangu, haraka haraka, nikafuata sheria: umegeuza nini, sababu gani. Na nikaongeza shukrani yangu. Mstari wenyewe naujua kwa moyo.

“Nyongeza: dawa inaweza kutoka bila jina la mgonjwa. Sababu: majeruhi wengine wanaogopa kuandikwa na hukimbia kabla ya kutibiwa. Aliyeomba: Masika, muuguzi.” Nikaweka na jina la kituo. Chini kabisa, kama kawaida: “Mtunzaji: Kambale, Butembo.”

Ulisema hii si ya fonii. Nilisikia fonii tu, yaya. Karatasi haikunijia akilini. Nakumbuka nilichokuwa nakiwaza nilipokuwa naandika: kama niseme “wanaogopa” au “wanahofu”.

Dereva alirudi baada ya siku moja. Alikuwa anacheka. Alisema kwenye barieri walifungua bahasha ya kituo chako wakitafuta chochote cha kula, wakakuta disketi na karatasi. Mmoja wao akaanza kuwasomea wenzake kwa mzaha, kama anasoma tangazo la harusi. Halafu akaacha mzaha, akaikunja, akaitia mfukoni.

“Batu ya barieri bamependa karatasi yako,” dereva aliniambia. “Bamebaki nayo.”

Na mimi nikacheka pamoja naye. Nataka ulijue hilo. Nilicheka, nikamimina chai, tukanywa.

Ijumaa saa nne nikafungua fonii. Sauti haikuwa yako. Alikuwa mhudumu wa kituo jirani, anasema wamekuja watu wenye silaha mchana wa jana, wamemtaka mama munganga, yaani wewe, wamempakia kwenye gari na koti lake jeupe. Aliuliza kama nasikia. Aliuliza mara tatu.

Nilifanya nini? Nilifanya kazi. Wiki ileile nilitangaza kwa fonii kwamba toleo la saba lina hitilafu, warudishe disketi na karatasi zote. Zikarudi, zote tano. Karatasi nikazichoma kwenye jiko la makaa huku nyuma, palepale tulipozungumza. Kisha nikafungua orodha ya mabadiliko kwenye kompyuta, nikashuka hadi toleo la saba, nikaufuta ule mstari. Nikachapa karatasi mpya yenye mistari minne badala ya mitano, nikazituma, na hakuna aliyehesabu. Programu yenyewe sikuigusa. Iliendelea kutoa dawa bila jina, ila sasa hapakuwa na mahali palipoandikwa ni kwa nini.

Nilijiambia nafanya hivyo kukulinda, na kuwalinda wale wengine watano. Wiki ya kwanza labda ilikuwa kweli. Baadaye nilikuwa najilinda mimi, na nilijua, na nikaendelea.

Ingeishia hapo ningekuwa nimebeba aibu yangu peke yangu. Lakini watu wakitendewa ubaya lazima wajue nani amesema. Walitazama nani alikuwapo siku ile kituoni akaachwa, wakamwona Papa Kasereka, mlinzi wako wa langoni, yule mzee aliyekuwa akikuchemshia maji ya kuoshea vyombo. Wakasema ndiye aliyekuuza. Kamati ya kituo ikamwachisha kazi. Kanisani, wakati wa kupeana amani, wa kulia kwake anageukia kulia na wa kushoto anageukia kushoto. Kijiji kilipokimbilia Beni mjini, sifa yake ilikimbia pamoja nao. Mama alikutana naye kwenye matanga ya shangazi. Papa Kasereka alinyoosha mkono. Mama akautazama ule mkono, akavuta kitenge chake, akapita. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya Mama, nikatazama viatu vyangu.

Nikatoa toleo la nane, na la tisa, na la kumi, na la kumi na moja. Kila karatasi niliiandika vizuri sana. Wauguzi walinisifu kwa uangalifu wangu.

Sasa nikueleze ya wiki hii. Jumatatu tulikaa hapa ghalani na wauguzi wa vituo kulipitia toleo hili kwa mara ya mwisho. Alikuwapo Katungu, binti mwenye akili na mdomo mwepesi, ndiye aliyechukua kiti chako tangu kituo kilipofunguliwa upya. Ungempenda, mngegombana kutwa. Alikuja na orodha yake, na jambo la kwanza kwenye orodha lilikuwa hili.

“Hii ya kutoa dawa bila jina, tuitoshe. Inaharibu ripoti, na mwizi anaweza kujificha mule.”

“Hapana, tuiache,” nikasema. “Iko na sababu.”

“Sababu gani?”

“Iko na sababu.”

Akafungua faili la karatasi zetu, maana anazihifadhi zote kwa mpangilio, jambo ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Akafika toleo la saba. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

“Sioni, Papa Kambale. Mu karatasi iko wapi?”

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Wengine wote walinitazama mimi, na wote walikuwa tayari kukiondoa kitu ulichokiomba, kwa sababu kwenye maandishi yetu hakikuwa na baba wala mama. Msituni bado hakujatulia, yaya, unajua au hujui. Majeruhi bado wanafunikwa majani. Kama kingeondolewa Jumatatu ijayo, yule wa kwanza kuulizwa jina angesimama na kuondoka na kidonda chake.

Nikasema nitaitafuta hiyo sababu. “Utafute,” Katungu akasema, akaandika kwenye daftari lake kwamba nitaitafuta.

Jumatano nilipanda kwenda Beni. Papa Kasereka anaishi mtaa wa Ruwenzori sasa, chumba kimoja, na mlangoni anatengeneza kandambili za matairi. Amekuwa mdogo, sijui nisemeje, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Alinitambua kabla sijafika.

“Karibu, Kambale. Ikala.”

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka.

“Papa, ni mie niliandika jina ya yaya mu karatasi. Barieri balisoma. Hapana weye. Ni mie.”

Alimaliza kupitisha uzi kwenye tundu alilokuwa nalo. Akaweka sindano chini.

“Niko najua. Nilikuwa pale, Kambale. Balimusomea ile karatasi kwa sauti, mie nasimama kwa mulango. Hata jina yako balisoma, ile ya chini kabisa.”

“Na hukusema? Miaka yote hii?”

“Yaya yako aliniambia kwa Kinande, bale hapana sikia. Alisema, usiseme ni Kambale. Mama amepoteza mutoto moja, asipoteze babili. Alisema, ule mutoto atakuya yeye mwenyewe kusema.” Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae. “Nilizani utakuya ile wiki.”

Mvua ilianza, akasogeza kandambili zake ndani, na mimi nikamsaidia kuzisogeza. Nikamwambia kuhusu toleo jipya, kwamba nitaandika yote kwenye karatasi, kwamba itafika vituo vyote sita na kila mtu atajua hakusema neno. Nilifikiri namletea kitu. Alitikisa kichwa polepole, hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

“Karatasi iko muzuri. Mais bale bananikatalia mukono hapana somaka karatasi. Uanze na mama yako.”

Jana nikaenda Vuhovi. Mama alikuwa anaanika mihogo. Nilimwambia yote nimesimama, kuanzia mikaratusi hadi jiko la makaa, na nilimwambia pia kuhusu chai niliyokunywa na dereva. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliendelea kugeuza mihogo hadi mkeka ukaisha, kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

“Masika alijua ni weye?”

“Alijua, Mama.”

“Akakuficha.”

“Akanificha.”

Akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, nikafikiri analala. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na amejifunga kitambaa, na mkononi ana kikapu chenye kuku na maharagwe. Akasema anakuja nami Butembo, na kesho yake anaendelea Beni, kwa Kasereka. Leo asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye kamio na nikaweka mguu nipande nami, nimshike mkono kwenye mashimo, maana miguu yake si ile unayoijua. Akautoa mkono wangu kwenye ubao wa kamio, kidole kimoja kimoja.

“Weye bakia na karatasi yako,” akasema.

Basi nimebaki nayo. Na nimeuandika mstari, sasa hivi, kati ya aya ile na hii. Nakusomea, kwa sababu ile ya saba hukuisoma.

“Toleo la saba, marekebisho ya karatasi: mstari wa tano ulifutwa baada ya kutoka. Ulisema kwamba dawa inaweza kutoka bila jina la mgonjwa, kwa kuwa aliyejeruhiwa akiogopa kuandikwa hukimbia bila kutibiwa. Sababu hiyo bado ipo, kitu hiki kisiondolewe. Mstari ulitaja jina la aliyeomba, na kwa jina hilo alikamatwa. Aliyeliandika ni mtunzaji. Aliyeufuta mstari ni mtunzaji, kwa woga. Mlinzi wa kituo hakusema neno. Kuanzia toleo hili, sababu zitaandikwa na majina hayataandikwa, isipokuwa la mtunzaji.”

Ni mrefu kuliko ulivyoagiza. Ulisema mstari mmoja wa kweli, na mimi nimechukua mistari minane, miaka minne imechelewa. Sitaufupisha. Nachapa nakala sita, nazitia kwenye bahasha, na sasa hivi mashine imeanza kelele zake. Nakala ya saba nakuwekea hapa pamoja na barua hii, hata kama sijui ni nani atakayeibeba.

Nisalimie huko uliko, yaya, kama kuna wa kusalimiwa. Kama uko hai, usinihurumie, njoo unikaripie mbele ya watu, ukiwa na vumbi lako kwenye kope. Mama anajua sasa. Umemfichia mtoto wa pili kwa miaka minne, na jana nimemrudishia mtoto huyo jinsi alivyo. Leo, kabla ya giza, atakuwa amefika kwa Papa Kasereka. Sijui kama atanyoosha mkono kwanza au ataanza na kuku.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfichia jina,
Kambale